Vidonge sita vilivyobaki

Mafua yalinianza wakati kaskazi ikivuma na vumbi likiingia hadi chumbani kwetu Majengo, nami niliyaacha yapite yenyewe. Siku ya saba nikapata nafuu. Siku ya tisa yakarudi kwa nguvu mpya: kamasi nzito ya kijani, homa, meno ya juu yakiuma kana kwamba yameoza, na shavu la kulia likinipiga kila nilipoinama kusujudu, hata nikawa naswali nimeketi kitini.

Daktari alibonyeza taratibu chini ya jicho, kisha akanihesabisha siku moja baada ya nyingine. Alinieleza kwamba mafua mengi ya namna hii huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviwezi, na kwamba kilichomfanya aandike dawa ni ile hali ya kupata nafuu kisha kuzidiwa, kwani huashiria kuwa huenda bakteria wamezaliana ndani ya matundu ya hewa yaliyomo katika mifupa ya uso, baada ya vijia vinavyotoa kamasi kuvimba na kuziba. Niliupenda uangalifu wake. Tumezoea kupewa antibayotiki kwa kukohoa mara mbili tu.

Kwenye bahasha ya dawa paliandikwa 1 × 2, siku 7: vidonge 14 vya miligramu 625, amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, huwazuia bakteria kujenga ukuta unaowazunguka, na klavulaniki huikinga amoksilini isivunjwe na kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hao hukitoa ili kujihami. Mfamasia aliniambia nimeze mwanzoni mwa mlo, kwa kuwa dawa hii husumbua tumbo. Basi nilianza Jumatatu, saa moja asubuhi kwa mahamri na mbaazi, na saa moja usiku baada ya Maghribi. Tumbo halikuniacha salama, niliharisha siku mbili, lakini nilikuwa nimeonywa, nikanywa maji mengi nikaendelea.

Alhamisi shavu lilikuwa limetulia kabisa na nikasujudu bila maumivu. Usiku huo, nilipokwisha kumeza kidonge cha nane, mamkubwa akaja kunitazama. Nilimwamkia, akaitikia, akaiona karatasi ya dawa juu ya meza.

"Si ushapona, mwanangu? Nipe hivyo vilivyobaki nikampe kijana wangu, naye mafua yamemshika tangu juzi."

Kumnyima mamkubwa kitu ni jambo zito kwetu, na ninakiri kwamba mkono ulikwisha kuifikia ile karatasi. Nikamwambia, "Mamkubwa, unisamehe, hivi si vya akiba." Nilimweleza kwamba mtoto wa miaka minane hupimiwa dawa kwa uzito wake, kwamba kuna watu ambao mwili wao huikataa penisilini vibaya sana, na kwamba mafua ya siku mbili karibu kila mara ni ya virusi. Kwangu mimi, kupungua kwa maumivu kulionyesha kuwa dawa inafanya kazi, si kwamba kazi imekwisha. Wapo madaktari ambao siku hizi huandika siku chache kuliko zamani, na ni sawa, ila kupunguza siku ni uamuzi wa aliyeandika dawa, si wa shavu langu wala wa mgeni wa jioni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya juu ya siku ambayo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, akajipimia dozi pungufu, na kuwafanya vijidudu wake kuwa sugu. Ninapopita kwenye maduka ya dawa mjini petu na kumsikia mtu akiagiza vidonge vinne vya antibayotiki bila cheti, naona siku hiyo imefika kitambo, na inaniuma.

Mamkubwa hakufurahi, ila alinisikiliza. Nilimshauri ampe mtoto maji mengi, na ampeleke kliniki akipumua kwa shida au homa isiposhuka.

Kidonge cha kumi na nne nilikimeza Jumapili usiku. Asubuhi yake alinipigia simu kusema kijana amebakiwa na kamasi jepesi tu na amekwenda shule, kisha akauliza kama vile sita nilivimaliza. Nikamjibu kwamba nimevimaliza vyote.