Mwacheni asukume chapati yake

Wazazi wenzangu, binti yangu wa miaka sita alikuwa na jibu moja kwa kila kitu kipya: "Mama siwezi, nifanyie wewe." Kufunga kamba za viatu, hata kwenda duka la jirani kununua kiberiti.

Nikaanzia jikoni. Nilimpa donge lake na unga wa kunyunyizia, nikamwambia asukume apendavyo. Kazi ngumu ilikuwa yangu: kunyamaza na kutomnyang'anya kifimbo. Chapati ikapasuka katikati. Akanitazama usoni, nadhani akitafuta hasira. Nikamuuliza tu, "Umeona imeanzia kupasuka wapi?" Akaikusanya, akasukuma upya, safari hii akiizungusha taratibu. Tuliipika vilevile ilivyokuwa, baba yake akaila.

Halafu kuna suala la sifa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha utafiti wao: watoto waliosifiwa kwa akili, wakishindwa, walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa bidii. Kwa hiyo kwetu utasikia, "Nimeona ulivyorudia mpaka ikakubali."

Na ndugu wakija, naomba jamani, tusimcheke mtoto aliyekosea mbele ya wenzake. Hilo linaniuma sana. Kicheko cha wakubwa kinaweza kumziba mtoto mdomo mwaka mzima.

Wenye watoto wanaogoma kusoma kwa sauti mbele za watu, mliwaanzishaje? Wangu kwa sasa anakubali kumsomea mdogo wake tu.