Albamu tano za David Gilmour, nilivyozipanga mimi

Wiki hii nzima nimezirudia albamu zote tano za studio ambazo David Gilmour ametoa kwa jina lake, nje ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza alikokuwa mpiga gitaa na mwimbaji. Kwangu inayoongoza ni On an Island. Ilitoka Machi 6, 2006, siku aliyotimiza miaka 60, na kwenye wimbo uliobeba jina la albamu anaitikiwa na waimbaji David Crosby na Graham Nash. Gitaa lake humo halina haraka hata kidogo. Noti moja anaivuta mpaka koo linakukaba. Jana usiku nilizima taa nikaisikiliza mara mbili mfululizo.

Inafuata Luck and Strange ya 2024. Binti yake Romany anaimba "Between Two Points", na katika wimbo wenye jina la albamu, kinanda ni cha Richard Wright, mwenzake wa Pink Floyd, kilichorekodiwa 2007 kabla hajafariki 2008. Hapo machozi yalinitoka, wala sioni haya kusema.

Ya tatu ni ile ya 1978 inayoitwa David Gilmour tu, halafu Rattle That Lock ya 2015. About Face ya 1984 naiweka mwisho, ingawa nyimbo mbili alizoandikiwa mashairi na Pete Townshend wa bendi ya The Who bado nazipenda sana.