Kodi ya miezi minne

Kijana wa chumba cha uani, hapa kwangu Ilomba, Mbeya, alifikisha miezi minne bila kulipa: 50,000 mara nne. Wakili niliyemwendea mjini akanitajia 300,000, tena za kuanzia tu. Nikamshukuru, nikapanda daladala.

Jioni nikagonga mlango. Anauza viazi soko la Mwanjelwa. Bei imeporomoka, na magunia mawili yalikuwa yamechipua pembeni ya kitanda. "Shikamoo mama. Najua nadaiwa." Hasira zikapungua, ingawa redio mpya niliiona. Kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikishana: 50,000 ya mwezi na 25,000 ya deni, mpaka liishe.

Shemeji alinishauri nibadilishe kufuli. Hapo ndipo ningeshtakiwa mimi! Kijana angegoma, ningepitia baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wakili ningemlipa bila kununa. Ila mkataba wetu ulikuwa wa mdomo. Sijui angeanzia wapi.

Juzi kaleta 75,000 na ndoo ya viazi. Viazi nimepika, ila havikupunguza deni.