Neno la Kiganjani

Jana jioni mwanangu aliniwekea karatasi ya kazi ya Kiingereza mezani, pembeni ya sahani ya mahamri, akaniuliza hata kabla hajaketi: "Mama, hii ndiyo ya wajinga?"

Kilikuwa kifungu kifupi chenye mapengo kumi. Chini yake kisanduku, na ndani ya kisanduku maneno kumi na mawili ya kuchagua. Ya mwenzake wa dawati moja, alisema, haina kisanduku. Kifungu kile kile, mapengo yale yale, ila chini ni peupe.

Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi kwenye Alhamisi ile ya mwaka 2019, kidato cha pili, vipindi viwili vya pamoja baada ya chakula cha mchana, na mimi nimesimama mlangoni na karatasi za rangi tatu.

Darasa lile lilikuwa zao la kwanza la ile sera ya Kenya ya kila mtoto aingie sekondari. Waliingia Januari 2018, na walikuwa 57 katika chumba ambacho 40 wangejaa. Maksi walizokuja nazo kutoka darasa la nane zilianzia 371 kwa 500 zikashuka mpaka 132. Ukilifundisha darasa la namna hiyo kwa mwendo mmoja, wa juu atalala kwa kuchoshwa, wa chini atalala kwa kupotea, na atakayebaki macho ni wewe. Ongeza viazi karai vya saa saba mchana na joto la chini ya mabati, sikwambii.

Kwa hiyo nilijiandaa. Nilitunga kifungu kuhusu Ngome ya Yesu ya Mombasa, nikaondoa maneno kumi kama linavyofanywa jaribio la mapengo katika mtihani wa kidato cha nne, ambalo lina maksi 10. Kisha nikakipiga fotokopi kwa namna tatu. Karatasi nyeupe: mapengo matupu. Ya manjano: herufi ya kwanza ya kila jibu imeachwa. Ya waridi: maneno matatu ya kuchagua kwa kila pengo. Kusudi lake ni kwamba wote wafanye kazi moja, wafike mwisho karibu kwa pamoja, na mjadala wa majibu uwe mmoja. Mpaka leo naliona kuwa wazo jema.

Mapengo manne nilikuwa nimeyatega makusudi: in, on, at, at. Watoto wa Pwani hukwama sana hapo, wala si kwa uzito wa akili. Sisi tuna kiambishi kimoja, -ni, nacho chabeba yote: ngomeni, kisiwani, ukutani, mlangoni. Kiingereza kinamtaka mtoto aamue kila mara: ni ndani, ni juu, au ni penye? Kwenye jina lenyewe lugha yake haimuulizi swali hilo, na hata yule wa maksi 371 hubahatisha. Ukitoa maneno magumu tu, kama majina ya vitu, unapima msamiati. Ukitoa vijineno hivi, unapima kama mtoto anaisikia sentensi nzima. Nilichanganya: manne ya mahali, mawili ya wakati wa kitenzi, manne ya msamiati.

Rangi ziliishi dakika mbili. Dakika ya tatu kijana wa nyuma aliinua karatasi ya waridi juu kama bendera, akasema kuna kundi la nasari humu. Waliokuwa na waridi wakazifunika kwa viganja. Mmoja, wacha nimwite Bakari, aliikunja ya kwake mara nne, akaitia mfukoni, akaanza kunakili ya jirani mwenye nyeupe. Yule jirani alikuwa amekosa sita. Msaada wote aliouhitaji Bakari ulikuwa mfukoni mwake, na yeye akaona heri kukosa na wenzake.

Siku hizi sitoi rangi. Natoa karatasi moja kwa wote, na msaada unakaa sehemu ya chini iliyokunjwa kwa nyuma. Anayetaka afunue, ila aandike F pembeni ya pengo alilofunulia. Sikati maksi kwa F. Zile F ndizo zinazoniambia nifundishe nini Jumatatu, na mara nyingi huwa sizo nilizotarajia. Wa mbele nao hufunua, tena kwa siri kuliko wa nyuma. Lakini Alhamisi ile hilo sikulijua. Nilizikusanya rangi zangu, nikasema sasa tutakimbia.

Kipindi cha pili kilikuwa cha imla ya mbio. Kwa asiyeijua: unabandika kifungu mbali na wanafunzi, unawaweka katika makundi ya wanne, na mmoja wao anakimbia, anasoma, anakariri, anarudi kumsomea mwandishi. Haruhusiwi kuandika chochote njiani wala kupiga kelele kutoka ukutani. Sentensi ikiisha, wanabadilishana kazi. Kifungu kisizidi maneno 80. Changu kilikuwa na sentensi sita, nimekiandika kwa kalamu nene ya wino kwenye karatasi ya manila, herufi kubwa kama kidole gumba. Umbali wa hatua kumi na mbili watosha. Ukiwa mfupi, watasoma kutoka madawatini. Ukiwa mrefu, wataanza kupiga soga njiani.

Makundi ndiyo yanayowashinda wengi. Kosa la kawaida ni kumpanga wa kwanza na wa mwisho, kwa nia njema ya kusaidiana. Pengo likiwa kubwa hivyo hakuna kusaidiana, mmoja anafanya na mwingine anatazama. Mimi nilichukua orodha ya mtihani uliopita nikaigawa mafungu manne: 1 hadi 14, 15 hadi 28, 29 hadi 42, 43 hadi 57. Wa 1 akakaa na wa 15, wa 29 na wa 43. Wa 2 na wa 16, wa 30 na wa 44. Kati ya kila mtu na anayemfuata kuna hatua 14 tu, na daima yupo wa kukuelewa. Yule wa 57 aliyebaki nikamtia kundi la mwisho, likawa la watano.

Kazi zilikuwa nne: mkimbiaji, mwandishi, msahihishaji asiyeshika kalamu, na wa nne wa kutafuta maana kwenye kamusi. Kamusi zilikuwa 9 kwa makundi 14, basi makundi matano wa nne wao alikaa bure, na mtoto akikaa bure atatafuta kazi. Hilo nalo liandikwe.

Halafu kuna ukuta. Kuta zetu ni za chokaa, na seloteipu haishiki chokaa, inatoka na vumbi lake. Ilikuwa miezi ya kusi, upepo unapita barazani moja kwa moja. Nilifunga kamba kwenye nondo za madirisha nikatundika manila kwa vibanio vya nguo, nakala tatu. Nakala tatu kwa makundi 14 ni chache, ziwe walau tano. Wakimbiaji walisukumana kama abiria wa kivukoni Likoni lango linapofunguliwa.

Lakini ilikuwa inaenda, wallahi. Wa mbele alikuja na maneno saba au manane kwa mkupuo. Wa nyuma alikuja na matatu, akarudi, akaja na mawili, akarudi. Sentensi ile ile iliingia kwenye daftari. Tofauti yao ilikuwa miguuni, na jasho la kukimbia mara nne halimwaibishi mtu kama karatasi ya waridi. Nilikuwa najipongeza.

Sentensi ya nne ikamwangukia Bakari. Ilikuwa na maneno saba: In 1696 Omani forces besieged the fort, yaani mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nawaona walio nje na walio ndani. Safari ya kwanza alileta mwaka na Waomani. Ya pili akaja taratibu, midomo ikicheza, "bisijidi, bisijidi, bisijidi", kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau chumvi.

Akalitua. Mwandishi akainamisha kichwa, akaandika: busy jet.

Nikisahihisha peke yangu chumba cha walimu, ningelielewa kosa hilo vizuri. Sisi kila konsonanti twaitafutia vokali, na kile kimalizio cha -ed wengi hukisoma -idi popote kilipo, ijapokuwa katika walked kinasikika t, katika besieged kinasikika d, na ni katika wanted tu kinapokuwa hivyo. Bakari alisoma alichokiona. Mwandishi alisikia sauti asiyoijua, akatafuta ndani yake maneno anayoyajua, akayapata mawili. Kazi ya maana kabisa, ukiifikiria.

Msahihishaji wao, binti aliyekuwa wa 3 darasani, akaweka mkono mdomoni. "Yaani ndege iko bize?" Kundi la jirani likasikia. Kisha la nyuma yake.

Bakari hakucheka. Alitoka tena, safari hii kwa kutembea. Akasimama mbele ya manila. Wenzake walipita kushoto na kulia, wakamkanyaga, hakusogea. Upepo ukalipiga karatasi, kibanio kimoja kikalegea, akaishika pembe kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemshika mwenzake bega asiondoke. Kisha akaachia, akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akafungua kiganja cha kushoto na kuandika. Herufi moja, anatazama. Herufi ya pili, anatazama. Kulikuwa na jasho, kwa hiyo g alilazimika kuipitia mara mbili. Herufi nane zote. Alipomaliza alikilinganisha kiganja na karatasi, juu chini, kama anayehesabu chenji.

Akarudi, akaanza kuwatajia herufi. Alizitaja kwa Kiswahili, e ikiwa e, i ikiwa i, na mwandishi akazipokea kwa Kiingereza, ambako anayesema "i" amekutajia e. Ikatoka kitu ambacho hata busy jet ilikuwa nafuu. Basi Bakari akaweka kiganja juu ya dawati, wazi.

Binti akakisoma. Akanyamaza kidogo. Halafu akanyosha mkono: "Mwalimu, ameandika mkononi."

Sheria nilikuwa nimeiandika ubaoni mwenyewe: sentensi sahihi maksi 2, anayeandika njiani anakatwa 2. Sheria ile haikuwa ya bure. Bila ya hiyo mkimbiaji anageuka mashine ya kunakili, herufi zinapita mkononi bila kugusa kichwa. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikaenda ubaoni nikafuta maksi mbili za kundi lao.

"Sasa nishalijua," akasema Bakari, "wanikata maksi za nini?"

Nikamjibu kwa Kiingereza. Nilisema jambo kuhusu kufuata maagizo, kwa ile sauti. Hakuuliza tena. Alipanguza kiganja kwenye suruali, wino haukutoka.

Kundi lao likawa la tano. Bila ya kukatwa lingekuwa la pili. Kengele ikalia saa tisa na dakika 20, kibanio kilicholegea kikaachia kabisa na nakala moja ya ngome ikapeperukia kwenye mwarobaini. Muhula wote uliobaki, kila zamu yake ya kukimbia ilipofika, Bakari alikuwa anaumwa na mguu. Katika insha za mwisho wa muhula nilihesabu wanafunzi kumi na mmoja waliotumia besieged, wengi wao pasipofaa. Mmoja aliuzingira wali wake wa nazi mpaka ukaisha. Katika insha ya Bakari neno lile halikuwamo. Niliisoma mara mbili kulitafuta.

Sheria niliibadilisha muhula uliofuata. Sasa kila mkimbiaji ana neno moja la kiganjani kwa kila sentensi, alichague mwenyewe. Inafanya kazi kwa kiasi fulani. Wanaojiweza huchagua neno gumu kuliko yote ili waonekane wamelichagua, na wa nyuma wengine huandika mpaka kwenye kiwiko, wakakuapia kuwa ni neno moja. Na kabla ya mbio tunaimba herufi za Kiingereza a, e, i kwa sauti, darasa zima la sekondari, kama chekechea. Wanacheka, lakini wanaimba. Bakari alikuwa darasani siku niliyoitangaza. Alikuwa anatazama nje.

"Mama," mwanangu akanishtua, "ndiyo ya wajinga ama siyo?"

Nikamwambia siyo. Nikamwonyesha kukunja ile sehemu ya chini, kisanduku kikae nyuma, ajaribu kwanza, na akikwama afunue. Akaikunja vizuri, akaipigia pasi kwa ukucha. Akasoma mstari wa kwanza. Kisha akainua kichwa, akauliza mwalimu akiuliza kwa nini karatasi yake ina mkunjo aseme nini.

Nikamsogezea mahamri.