Vitufe viwili

Juzi usiku umeme ulikatika binti yangu akiwa katikati ya kazi ya shule. Ukarudi baada ya robo saa, akawasha mashine, kisha kikaingia kimya. Mtoto akinyamaza mbele ya kompyuta, mzazi anajua kuna jambo.

"Papa, iko inaniuliza. Nibonyeze wapi?"

Nilikuwa nanawa mikono tule. Nikaenda nayo inadondosha maji. Kwenye skrini kuna kisanduku cha kijivu na vitufe viwili, kimoja kimeandikwa kwa Kiingereza: Recover. Nikamwambia asiguse kitu. Nilisema kwa ukali ambao kazi ya jiografia haikuustahili, akageuka kuniangalia.

Wengine mnaikumbuka ile studio yangu ya Katuba, chumba cha nyuma, mwaka 2014. Ilikuwa mwezi wa kumi, lile joto la Lubumbashi la kungojea mvua, nami nimeziba dirisha la pekee kwa godoro. Ukutani nilibandika trei za mayai zipatazo 40 nilizopewa na mama mmoja muuza mayai. Trei hazizuii kelele za nje, hayo ni maneno ya vijana wa studio tu. Zinapunguza mwangwi kidogo, na zinanuka kuku.

Nilikuwa nimechoka na programu za wizi. Unapewa kwenye fleshi, unaambiwa uzime antivirusi kwanza, na wiki ya tatu mashine inaanza kukohoa. Rafiki yangu wa chuo akaniletea Ubuntu Studio, mfumo wa kompyuta wa bure uliojaa programu za muziki, zaidi ya gigabaiti 2 alizozishusha usiku-usiku wakati bei ya intaneti iko chini. Humo mlikuwa na vyote: Ardour ya kurekodi, Hydrogen ya kupangia ngoma, Audacity, na JACK, ambayo kazi yake ni ya konvuayeri, yaani kondakta, wa teksibasi, kupanga nani aingie mlango gani na ateremkie wapi. Maikrofoni ije Ardour, ngoma zipite huku, wote washukie kwenye kaske, vile vya kuvaa masikioni. Konvuayeri huyo, kama wale wa barabarani, ana siku anapiga kelele bila sababu.

Niliweka studio hiyo kwa ajili ya Baba Mukubwa. Alipiga gitaa kwa gumba na kidole cha shahada tu, mtindo wa Katanga wa zamani, na sikuwa na dakika hata moja ya muziki wake mahali popote. Nilipomwambia programu ni huria, haina bei, alicheka.

"Nyama yenye haina bei, unauliza kwanza ilikufa na nini."

Nikamweleza kwamba Ardour ilianzishwa na Paul Davis, ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo kabisa wa Amazon, na kwamba msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma.

"Na weye uliusoma?"

Mpaka leo sijausoma.

Siku ya kwanza tuliipoteza kwa ucheleweshaji, sauti kufika kwenye kaske baada ya kupigwa. JACK ilikuwa imewekwa fremu 1024, vipande vya sauti inavyovikusanya kabla ya kuvipitisha, mara vipindi 3, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, na hiyo inatoa milisekunde 64. Kwenye karatasi si kitu. Baba Mukubwa akavaa kaske, akapiga mstari mmoja, akasimama, akatazama mlangoni.

"Ni nani iko ananifwata nyuma?"

Ni yeye mwenyewe alikuwa anajifuata. Nikashusha fremu hadi 256, milisekunde 16, na yule mfuasi akapotea, lakini sasa sauti ikawa inapasuka kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji, na ile hesabu nyekundu ya mikatiko inapanda tu. Siku ya pili yote ikaishia hapo, hadi nilipogundua kwamba jina langu halikuwa kwenye kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kuipa sauti kipaumbele. Amri moja, mstari mmoja. Baba Mukubwa alikuwa amekaa juu ya kasha la bia, ananipigia hesabu. Alikuwa anajua vizuri habari ya Hugh Tracey, Mzungu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, kumrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya sasa, mwaka 1952, na kwa siku mbili alinirudishia habari hiyo kama dawa ya kutwa mara tatu. "Yule Muzungu alikuya na mashine yake, akamushika Mwenda, akaenda. Haikukuwa na siku ya pili."

Siku ya tatu, mchana. Nilimwashia metronomu, ile sauti ya kugonga mapigo, akaikataa, akasema hawezi kupiga akiwa anafukuzwa na jogoo wa chuma. Nikaizima. Akavua kiatu cha kulia, akakunja kikwembe, kitenge cha mke wangu, akaweka mguu juu yake ili maikrofoni isisikie anavyogonga sakafu. Hilo hakuna aliyemfundisha. Maikrofoni yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye mti wa ufagio. Uzi mmoja wa gitaa ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, alioutoa uzi kwa uzi mpaka akapata unene anaoutaka, na ule ulikuwa na sauti yake ya peke yake, ya kukwaruza kidogo mwishoni, kama mzee anayemalizia neno.

Nikabonyeza. Alianza chini kabisa, gumba peke yake, linatembea. Likatembea hivyo muda mrefu hata nikadhani anajaribu tu nyuzi. Kisha kidole cha shahada kikaanza kulijibu, mara kinasubiri lisemwe lote, mara kinaingilia kati. Nilikuwa natazama skrini, picha ya sauti inajichora, hesabu ya mikatiko imesimama kwenye sifuri. Jirani alikuwa anatwanga sombe, akaacha. Kwenye dakika ya nne hivi gumba likachelewa. Likachelewa makusudi, nusu ya pigo, wimbo wote ukainama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo, na Baba Mukubwa akatabasamu bila kunitazama. Akarudia. Akachelewesha tena, zaidi.

Hapo skrini ikazimika.

Betri ya ile mashine ilikuwa imekufa zamani, iliishi kwa waya. Feni yake ikazunguka kidogo ikanyamaza. Chumba giza, godoro dirishani, kaske masikioni mwangu haina kitu ndani. Na kwa nje ya kaske, kwa mbali, gitaa likaendelea. Hakusimama. Nikatoa sikio moja, halafu la pili. Akaupeleka ule wimbo mpaka mwisho wake gizani, taratibu, akaumaliza pale chini alipoanzia, akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Banakata," akasema, kama mtu anayenipa habari.

"Ndiyo."

"Inashika?"

"Sijui."

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Nikafungua Ardour, ikanipokea na kisanduku: kikao hiki kilikuwa kinarekodi mashine ilipozimika, unataka niokoe kilichorekodiwa au nikiache? Hivyo ndivyo ninavyokisoma leo. Siku ile Kiingereza changu kilikuwa cha kuunganisha kwa Kifaransa. Neno *ignore* nililijua, ni lilelile la Kifaransa, puuza. Na *recover* nikalisoma *recouvrir*: kufunika, kuweka juu. Nikajiambia, hii inataka kurekodi juu ya kazi ya mzee. Nikajiona mjanja. Nikabonyeza puuza.

Mstari ukafunguka mtupu.

Baba Mukubwa akainama karibu na skrini. "Iko wapi?"

Nikamwambia umeme umeufuta.

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kiatu, akaomba munkoyo, tukanywa. Hakutaka kupiga tena siku ile. Baadaye alirudi mara mbili, akarekodi na metronomu, safi, bila mkatiko hata mmoja. Ninazo. Sizisikilizi sana. Na mpaka anatutoka mwaka 2018, akikaa na wazee wenzake na taa zikazimika, alikuwa anawalaani watu wa umeme kwa ajili ya ule wimbo, kwa majina ya kila aina, nami nikiwa hapohapo nimeshika bilauri yangu. Makosa yao ni mengi. Lile lilikuwa lao nusu tu.

Diski ya ile mashine niko nayo, imo ndani ya soksi kwenye droo. Fundi mmoja kijana aliniambia huenda faili lenyewe bado limo, kwenye folda ya audiofiles, kwamba kupuuza si lazima iwe kufuta. Alinieleza hayo miaka mitatu iliyopita. Kutazama ni kazi ya nusu saa. Tatizo ni kwamba kichwani mwangu Baba Mukubwa anazidi kupiga vizuri kila mwaka, na gumba lile siku hizi linachelewa hata zaidi.

Hayo nilimhadithia binti yangu kwa ufupi, mikono imeshakauka. Yeye Kiingereza wanamfundisha shuleni. "Recover ni kurudisha, Papa," akasema, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, akabonyeza. Kazi yake ikarudi yote, isipokuwa sentensi ya mwisho.

Halafu akaenda kwenye droo bila kuomba, akatoa soksi, akatoa diski, akaitikisa karibu na sikio.

"Papa, humu muko kintu."

Nikamwambia airudishe, bukari inapoa.