Kutoka Kileleni hadi Ziwani

Jumamosi iliyopita, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye tulipanda kilima cha mawe upande wa Luchelele, hapa Mwanza, kisha tukateremka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kiangazi kilikuwa kimekausha majani yote, na changarawe iliyomeguka kwenye majabali iliteleza chini ya viatu kiasi kwamba penye mteremko mkali tulilazimika kukaa na kujisogeza taratibu kwa mikono. Juu ya jiwe moja mjusi dume alikuwa akiota jua, kichwa na kifua vyekundu, mkia wa buluu, akiinua kichwa na kukishusha. Nilimtazama mpaka rafiki yangu akaniita mara mbili. Maji ya kunywa yalituishia njiani, kosa ambalo sitalirudia. Tulitamani sana kuoga ziwani, lakini kwenye maji yaliyotulia penye magugu huishi konokono wanaoeneza kichocho, basi tukaketi tu juu ya jiwe, upepo ukitupoza, tukiwatazama wavuvi wa dagaa wakitayarisha taa zao za usiku. Rafiki yangu, asante sana kwa kunishika mkono pale kwenye jabali la mwisho.