Tui limekatika, na ndo nlivotaka

Wiki tatu zilizopita shangazi yangu alikuja toka Tanga, ana miadi ya kliniki ya macho huku Dar, akafikia kwangu Tabata, na mimi kwa kimbelembele changu nikamwambia shangazi jumapili hii jikoni huingii, napika mimi, napika mchuzi wa Kithai. Akauliza ndo mchuzi gani huo, nikamwambia wa nazi. Akacheka sana. "Wa nazi? Haya baba, tutaona." Sasa mtu wa Tanga ukimwambia unampikia nazi ni ka vile umwambie fundi seremala kaa pembeni nikuchongee kiti, na mbaya zaidi nlikuwa najua kabisa katikati ya mapishi haya kuna sehemu ambayo akiiona lazima apige kelele.

Hichi kitu nlikila mara ya kwanza mwaka jana tunamuaga mtu wa ofisini, hoteli moja huko Masaki, sahani moja kwa bei ambayo mi napika pilau la nyama watu sita na soda juu. Ikaja bakuli ya mchuzi wa kijani, juu zinaelea duara ndogondogo za mafuta, ndani kuku na vitu vya mviringo vinafanana na nyanya chungu, harufu ya mchaichai imejaa meza nzima. Nikala kimya. Wenyewe wanauita gaeng khiao wan, khiao ni kijani na wan ni tamu, ila huo utamu unaosemwa ni wa rangi, ule ukijani mpole wa kuchanganywa na tui, usije ukadanganywa na jina ukamwaga sukari.

Mara ya kwanza kupika nyumbani nlifeli vibaya mno. Nilinunua masala ya kopo na tui la kopo supamaketi, video zote zinasema chemsha tui zito mpaka mafuta yajitenge ndo ukaange masala humo, nikachemsha, nikangoja, nikangoja, dakika 20 tui limekaa jeupe laini ka losheni, halitoi hata tone la mafuta. Nikachoka nikatia masala hivohivo. Yakachemka badala ya kukaangika, mchuzi ukawa na ladha ya majani mabichi, watoto wakala wali na chachandu. Baadae ndo nasoma nyuma ya kopo, kumbe wametia gamu ya kulishikanisha tui lisijitenge likikaa dukani. Yaani kiwanda kizima kimekaa kikahakikisha tui halikatiki, afu mi niko jikoni na mwiko nalilazimisha likatike.

Maana mchezo wote uko hapo. Sisi pwani toka ukiwa mdogo unakaa pembeni ya jiko unaambiwa koroga, koroga usiache, tui lisikatike, na likikatika mchuzi wa samaki ukawa na madonge madonge na mafuta juu, basi mpishi siku hiyo hasemi kitu mezani. Tui ni mafuta na maji ambayo yameshikana kwa sababu ya protini kidogo ya nazi yenyewe, moto ukizidi na maji yakipungua ile protini inaachia, kila mtu anaenda kwao. Kwetu hiyo ni ajali. Kwa Mthai hapo ndo kazi inaanza, kwasababu yale mafuta yaliyojitenga ndo anayokaangia masala, na harufu za yale masala nyingi zinatoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Hata mpangilio wenyewe uko kinyume na wetu. Sisi tunachemsha kitu kwa tui la pili, lile jepesi, afu kasimile, lile zito la kwanza, inaingia mwishoni kwa adabu, moto mdogo. Wao kasimile inatangulia ikapigwe moto mpaka ikatike, lile jepesi ndo linafata nyuma.

Nlivoelewa hivo nikajua mara hii hakuna cha kopo, nazi nnazo.

Jumamosi nikaenda soko la Kisutu asubuhi. Mchaichai upo wa kumwaga ila chagua yenye shina nene, maana huku tumezoea majani ya chai na hapa yanatumika yale ya chini meupe tu, karibu vidole vinne toka mzizini, ya juu tupia kwenye birika. Giligilani nikachukua na mizizi yake, muuzaji alishaanza kuikata nikamzuia, akaniangalia ka nimechanganyikiwa, lakini mzizi ule una harufu nzito kuliko jani na Wathai hawautupi. Pilipili kichaa za kijani, wao pilipili ndogo hizi wanaziita phrik khi nu, yaani mavi ya panya, kwahiyo msione jina letu la kichaa ni kali. Na kitu kingine kilichonifurahisha, phrik peke yake ni hii pilipili ya kuwasha, pilipili manga wanaiita phrik thai, pilipili ya Kithai, kwasababu hii ya kuwasha ililetwa na Wareno kwenye miaka ya 1500 toka Amerika na kabla yake ukali wao ulikuwa wa pilipili manga. Wao mgeni akaja akachukua jina la nyumba, mwenyeji akabaki anaitwa kwa kabila lake. Sisi ile ile tukaiita ya Manga, ya Arabuni. Wareno hao hao walipita na huku.

Khulinjani, ule mzizi unaofanana na tangawizi, ndo ilinitoa jasho. Mbichi sikupata kabisa, nikaenda duka la dawa za asili, nikaulizia khulinjani, kaka wa dukani akauliza "ya kifua au ya tumbo?" nikamwambia ya mchuzi. Ni kavu, ngumu ka kuni, unailoweka usiku kucha kwenye maji ya moto ndo inapondeka. Watu wanasema weka tangawizi badala yake, mi naona siyo, tangawizi inakupa mchuzi mzuri ila wa kwetu, khulinjani ina ukali flani wa kidawa na ka limao kwa mbali na bila huo harufu haiendi Bangkok.

Zingine nikajiongeza. Wao wanaweka uduvi uliochachushwa na chumvi mpaka ukawa ka udongo wa kahawia, nikachukua uduvi mkavu wa kwetu nikaukaanga kidogo bila mafuta nikauponda. Sukari ya mnazi nikaweka sukari guru. Majani ya ile ndimu yao yenye ngozi ya makunyanzi sikuyapata nikaomba kwa mama mwenye nyumba majani machanga ya mlimau wake, pamoja na ngozi ya kijani ya ndimu niliyoiparua juujuu tu, ukifika kwenye nyeupe inatia uchungu. Mrehani nlikuta kwa mama anayeuza asmini za kikuba, akaniuliza harusi lini. Nam pla tu ndo nlinunua yenyewe ya chupa, ni maji ya dagaa waliokaa na chumvi miezi mpaka mwaka na zaidi, ukifungua inanuka ng'onda, usiogope, ikiingia kwenye mchuzi hiyo harufu huioni.

Usiku nikakuna nazi tatu kwenye mbuzi, nikakamua la kwanza kwa nusu kikombe tu cha maji ya vuguvugu, la pili vikombe viwili, nikaweka friji mbali mbali. Hii ya friji ni ujanja mzuri, mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndo maana chupa ya mafuta ya nazi mwezi wa saba asubuhi unaikuta imekuwa jiwe, kwahiyo asubuhi unakuta juu ya tui kuna tabaka zito unalichota kwa kijiko na maji yamebaki chini, umeshapunguza nusu ya kazi ya kukausha.

Jumapili mpango ulikuwa blenda. Saa nne kasoro umeme ukakata.

Basi kinu. Na kwa kweli nashukuru ulikata, maana ukisaga kwenye blenda lazima utie maji ili visu vizunguke na maji hayo ndo adui wakati wa kukaanga. Kinachotakiwa ni kuanza na vikavu, kijiko cha chai cha mbegu za giligilani na nusu ya binzari nyembamba vimekaangwa kidogo, punje kumi za pilipili manga, chumvi ya mawe itasaidia kusugua. Toa pembeni. Afu ngumu, mchaichai umekatwa vipande vyembamba sana maana nyuzi zake hazipondeki zikiwa ndefu, khulinjani, ngozi ya ndimu, mizizi. Afu pilipili, nliweka kumi na tano. Afu vya majimaji, vitunguu vidogo vyekundu vinne na saumu punje sita. Uduvi mwisho. Ukianza na vitunguu vinateleza teleza na vigumu havisagiki, vinakuwa vinakimbizana tu.

Nimeponda dakika kumi shangazi akashindwa kuvumilia. "Mchi unainuliwa hivyo? Unaua mbu?" Akaninyang'anya, akakaa kwenye kigoda akakiweka kinu katikati ya miguu, dakika kumi na tano masala yakawa laini ka yametoka mashineni, na hakuuliza hata kitu kimoja ni nini humo ndani, alikuwa ananusa tu na kutikisa kichwa.

Nikabandika sufuria, nikachota lile tui zito, moto wa kati. Mwanzo linachemka ka uji, mapovu makubwa, taratibu, koroga mara moja moja. Kama dakika nane hivi linaanza kuwa na vipele, pembeni linang'aa. Na sauti inabadilika, sikilizeni sauti kuliko kuangalia saa, ile bokoboko ya kuchemka inageuka kuwa chachacha ya kukaanga. Shangazi toka barazani akaisikia. Hakuona, alisikia tu.

"We! Koroga! Tui linakatika hilo!"

"Liache likatike shangazi."

"Linakatika nakwambia!"

Akaingia na kanga imemdondoka, akachungulia, mafuta meupe safi yameshajitenga na nazi imebaki chembechembe. "Subhanallah. Nazi tatu." Akanyanyua mikono akarudi zake barazani, namsikia anamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba nipikiwe mayai yawepo tu akiba.

Masala yakaingia humo, vijiko vitatu vikubwa, dakika tano za kukaanga bila kuondoka, nyumba nzima ikapiga chafya mpaka jirani. Ile harufu ya ubichi ikishakufa na mafuta yakageuka kijani ndo unatia kuku, nlitumia mapaja ya kuku wa kisasa yamekatwa bila mfupa, kienyeji ungebidi umchemshe kwanza na hapo mambo yanakuwa mengi. Geuzageuza, tui la pili, nam pla vijiko viwili vya chakula, sukari guru ka ukucha wa dole gumba, majani ya mlimau, nyanya chungu zimekatwa nne nne. Dakika kumi na tano bila kufunika. Onja. Mrehani unaingia ukishazima moto.

Rangi sikuipata, niseme ukweli. Ya hotelini ilikuwa ya kijani laini, yangu ilikuwa ka kombati za jeshi, nafikiri nimekaanga masala kupita kiasi na nlitakiwa nipondee na majani ya giligilani kidogo. Na nyanya chungu nazo ni chungu kweli jamani, zile zao ni jamii ya bilinganya ila za duara, kwahiyo siku nyingine nakata bilinganya changa yaishe. Watoto walikula kuku wameosha na maji. Lakini ule mchuzi, aisee, mzito, mafuta yanaelea juu ka ya hoteli, unaanza nazi, afu mchaichai, afu pilipili inakuja baadae kabisa ushameza unasema mbona haiwashi, inawasha.

Nilipika wali mweupe mkavu wa Kyela, shangazi alitaka wa nazi nikakataa, nazi juu ya nazi mtalala wote. Wathai wenyewe wanakula kwa kijiko na uma, uma ni wa kusukumia tu chakula kwenye kijiko. Shangazi alikula kwa mkono. Akala. Akaongeza. Hakusifia, alisema "samaki ingependeza zaidi" akaongeza mara ya tatu, mayai hakuna aliyeyakumbuka.

Masala yaliyobaki nlikuwa nimeyagandisha kwenye kile kitrei cha barafu, vidonge nane. Shangazi kaondoka jumatano, ijumaa nafungua friza nakuta vitatu. Nikampigia, shikamoo, marahaba, macho vipi, macho hayajambo. Nikauliza vidonge vyangu. Akasema amevitia kwenye nguru wa nazi, mzee kala mpaka kaulizia vimetoka wapi.

"Ila tui langu sikulikata," akasema.

Nikamuuliza sasa masala ulikaangia nini. Akakata simu.